Mwombaji Kazi Asiyeuliza

Wako watu wasemao kwamba kazi ya kiwandani haihitaji maandalizi: mwenye mikono miwili mizima akifika langoni, amekwisha kujiandaa. Neno hili si kweli, na hasara yake huwaangukia ninyi, wasomaji wangu, mtakaomaliza shule na kutafuta kazi Athi River, Thika au Mombasa.

Sisi walimu tuna sehemu yetu katika kosa hili. Tukimfundisha mwanafunzi habari za mahojiano, twamfundisha kupiga shati pasi, kufika mapema, na kukariri kwamba yeye ni mchapa kazi. Mambo hayo ni mema, lakini ni ganda tu. Katika viwanda vya nguo mwombaji huketishwa mbele ya cherehani ya umeme, akapewa vipande viwili vya kitambaa, akaambiwa ashone. Cherehani ile hukimbia kuliko ya miguu iliyoko nyumbani, na asiyepata kuigusa, mshono wake huenda upogo mbele ya msimamizi. Kiwanda cha kuunganisha magari nacho hutaka jicho lijualo kusoma mchoro, na mkono uwezao kurudia tendo moja mara mia pasipo kulegea. Basi nenda kwa fundi wa mtaani, ujizoeze kwake kabla ya siku yenyewe. Shati litangoja.

Lakini ubishi wangu mkubwa uko kwingine. Tumewalea vijana waamini kuwa mwenye shida haulizi, na kwamba kuuliza ujira ni utovu wa adabu. Ni adabu gani hiyo imfanyayo msichana atie sahihi karatasi asiyoisoma? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaagiza kwamba mkataba wa miezi 3 au zaidi uandikwe, na mfanyakazi apate walau siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7. Ayajuaye haya huuliza kwa upole: Je, naajiriwa kwa siku au kwa mwezi? Saa za ziada hulipwaje? Nikiumia kidole, nani atanitibu?

Mtasema atafukuzwa, kwa maana nyuma yake wako wengine wengi. Yawezekana, sikatai. Ndiyo sababu nasema aulize baada ya kushona, wakati msimamizi amekwisha kuuona mkono wake na hapendi kuupoteza. Kisha aisome karatasi yote, hata kama walio nyuma yake wananung'unika.