Picha ya moto ilivyoficha maandamano

Hebu rudi Mei 2020. George Floyd ameuawa na polisi mjini Minneapolis na simu yako imejaa picha za Marekani. Ni ipi inayokujia akilini kwanza? Nadhani ni ya moto: gari linateketea, kituo cha polisi kinawaka, kijana amesimama mbele ya ndimi zile kama yuko kwenye filamu.

Sasa sikia hesabu. Shirika la ACLED, linalofuatilia ghasia na maandamano duniani, lilihesabu maandamano zaidi ya 7,750 ya vuguvugu la Black Lives Matter nchini Marekani kati ya mwisho wa Mei na Agosti mwaka huo. Katika zaidi ya asilimia 93, waandamanaji hawakufanya fujo. Kituo kile kilichomwa kweli, hakuna anayebisha. Ila watu elfu tano wakitembea kwa utulivu saa nane mchana, mhariri gani atawapa ukurasa wa kwanza?

Na mpiga picha wala halazimiki kudanganya. Akiwabana vijana kumi kwenye fremu moja, wataonekana genge. Akingoja giza, pipa moja la taka linalowaka litaonekana mtaa mzima.

Wapo waliovuka mpaka. Juni 2020 tovuti ya Fox News ilitumia picha za Seattle ambazo mtu mwenye bunduki alikuwa amebandikwa kutoka picha nyingine. Habari nyingine ya Seattle ikapambwa na moto wa St. Paul, Minnesota, jimbo tofauti kabisa! Gazeti la Seattle Times likafichua, Fox ikaziondoa na kuomba radhi.

Utaniambia zipo picha zilizosaidia. Kweli. Mei 3, 1963, Bill Hudson wa shirika la AP alinasa mbwa wa polisi akimrukia mwanafunzi mweusi mjini Birmingham, Alabama. Kesho yake ilikuwa ukurasa wa kwanza wa New York Times, na Rais Kennedy akasema imemchefua. Lakini mwanafunzi yule hakuwa hata mwandamanaji, alikuwa amesimama tu kutazama. Walioandamana ni mamia kwa mamia ya wanafunzi waliotoka madarasani na kukubali kutupwa jela, wakiwa wamefunzwa kanisani namna ya kutorudisha kipigo. Mipango yote hiyo haikuonekana pichani.

Mwanahistoria wa sanaa Martin Berger anasema wahariri wazungu wa enzi hizo walipendelea picha zinazomwonyesha mtu mweusi kama wa kuhurumiwa. Binafsi naona ana hoja. Ama unachoma, ama unang'atwa. Aliyekaa chini akapanga hapigwi picha.

Ndiyo maana video ya Darnella Frazier, msichana aliyekuwa na miaka 17 tu, ilikuwa kitu kingine. Hakuna moto mle. Unawasikia wapita njia wakimsihi polisi amwachilie Floyd, yaani watu wa kawaida wakijaribu kuokoa maisha. Taarifa ya kwanza ya polisi ilikuwa imesema mwanamume amefariki baada ya tatizo la kiafya. Mwaka 2021 bodi ya Pulitzer ilimtunuku Frazier tuzo maalum, naye polisi aliyempigia Floyd goti shingoni akahukumiwa kwa mauaji.