Kisasi hakijazi shimo

Jioni, tukitoka shimoni, vijana wetu wanakusanyikaka karibu na paneli ya sola. Mmoja anatoa telefone, wengine wanachungulia nyuma ya bega lake. Wanaangalia nini? Samurai mweusi, nywele nyingi, upanga mkononi, na rap inapiga. Ni Afro Samurai, filme ya katuni ya Kijapani iliyotoka 2007. Aliyeibuni ni Takashi Okazaki, sauti ya Afro ni ya Mmarekani Samuel L. Jackson, na muziki ni wa RZA wa Wu-Tang Clan.

Wazee kadhaa hapa Buleusa wametuambia: « Ninyi watu wa sendika, katazeni hizo filme. Njo zinapeleka watoto porini. » Tunawaheshimu wazee wetu, lakini hapo hatukubaliani nao.

Mauaji ya soko la Ntoto, hapa hapa Walikale, yalifanyika Machi 1993. Wakati ule kijana gani alikuwa na telefone ya kuangalia katuni? Bunduki zilitangulia filme. Zililetwa na ugomvi wa udongo, na siasa, na baadaye franga za kasiterite na koltani. Tukikataza katuni, barriere ya wenye silaha itabaki palepale barabarani.

Tena, wazee hawajaangalia mpaka mwisho. Sisi tumeangalia. Afro ni mtoto aliyeona baba yake akikatwa kichwa na mtu anayeitwa Justice, yaani Haki. Baba alikuwa amevaa kitambaa cha Namba Moja. Sheria yao: anayevaa Namba Mbili peke yake njo anaweza kupigana na Namba Moja, na yeyote anaweza kumshambulia Namba Mbili. Ili apate kitambaa hicho, Afro anamuua mwalimu wake mwenyewe, aliyemlea. Na Jinno, mwenzake waliokua pamoja, anageuka kumtafuta yeye kwa kisasi. Afro anafika juu, lakini nani amebaki wa kula naye?

Tuliwauliza vijana swali hilo. Walinyamaza. Halafu mmoja wao akasema: « Ni kama huku kwetu. »

Ni kweli. Buleusa inakumbuka 2016: kambi ya waliokimbia vita, makabila kuogopana, watu kuuawa. Kila upande uko na maiti zake, na kila upande unazihesabu zake tu. Mwaka uliopita mwenzetu mmoja wa shimo alipoteza mdogo wake. Akaacha nyundo, akasema anaenda kutafuta bunduki. Tulikaa naye usiku tatu. Hatukumwambia asamehe, nani angeweza kumwambia neno kama hilo? Tulimwomba tu aandike pamoja nasi: siku, pahali, majina ya walioona. Tukapeleka karatasi kwa wenye kuhusika. Mpaka leo hakuna jibu. Yeye amerudi kazini, lakini anatuuliza kila juma, na sisi tunakosa la kumwambia.

Hapo njo tunataka wakubwa watusikilize. Kijana hatoki shimoni kwenda porini kwa sababu ya katuni. Anaenda kwa sababu aliomba haki na mlango ukafungwa. Haki isipokuja na karatasi, inakuja na panga. Tunaomba tribinali ifike huku, hata kwa kutembea kijiji kwa kijiji, isikilize kila upande bila kuuliza kabila.

Na ninyi wazee, kaeni na watoto, muangalie nao. Kuna nyingine, Samurai Champloo ya Shinichirō Watanabe, ya 2004, yenye muziki wa hip-hop pia. Champloo ni neno la Okinawa, maana yake mchanganyiko. Watu watatu wasiopatana wanasafiri njia moja, na wanafika kwa sababu hawakuachana.

Sisi tunajua hiyo habari bila kuangalia filme. Udongo ukiporomoka ndani ya shimo, anayefukua hamuulizi aliyefunikwa ni wa kabila gani. Anafukua.