Mafunzo ya Uraibu Yasiishie Hotelini



Tuseme ni kaka yako. Amekunywa chang'aa kila siku kwa miaka sita pale Obunga, na wiki hii familia imekaa kikao ikaamua imetosha. Mzee amesema afungiwe chumbani, asiguse hata tone, asomewe Qur'ani asubuhi na jioni mpaka shetani amtoke. Nia ni njema kabisa, na hakuna hata mmoja hapo nyumbani anayemchukia. Siku ya pili mikono inatetemeka, jasho linamtoka, anaongea na mtu ambaye hayupo. Mnaambiana, si unaona, shetani ndiye huyo anatoka. Usiku anaanguka, mwili unakakamaa, povu mdomoni.

Sasa hebu tujibu kwa ukweli: ndani ya nyumba hiyo, nani alikuwa amefundishwa kwamba mtu aliyezoea pombe nyingi kwa muda mrefu anaweza kufa akikatizwa ghafla? Mshtuko ule wa kifafa mara nyingi huja kati ya saa 6 na 48 tangu kinywaji cha mwisho. Kuchanganyikiwa kukali, kuona vitu visivyokuwepo na joto la mwili kupanda hufuata siku ya pili au ya tatu. Matibabu yapo, na si ya ajabu: diazepamu, vitamini B1, maji, na muuguzi anayejua anachokiangalia. Kusomewa Qur'ani hakumzuii mtu kupelekwa hospitali. Hakuna shekhe mwenye elimu atakayekwambia uchague kimoja uache kingine.

Tunaanza na chumba hicho kwa sababu mara kwa mara utaona matangazo ya makongamano na semina za wataalamu wa uraibu, na najua wengi wenu mnayapita tu. Mnasema hayo ni ya madaktari, ni ya watu wa NGO. Basi leo tunakuomba usipite.

Mambo haya yana historia hapa kwetu. Desemba 2018 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa warsha ya ISSUP, jumuiya ya kimataifa ya watu wanaofanya kazi ya kinga na tiba ya uraibu, iliyozinduliwa mwaka 2015. Jumuiya hiyo ina tawi Kenya. Ipo pia mitaala inayofundishwa dunia nzima chini ya Mpango wa Colombo, mmoja wa matibabu na mwingine wa kinga, na NACADA imeitumia kufundisha washauri wa hapa nchini. Mafunzo mengine ni ya mtandaoni na hayana malipo. Unahitaji simu na bando tu, ile ile unayoimalizia TikTok.

Na wanafundishwa nini huko? Si hotuba za "dawa za kulevya ni mbaya". Hilo hata teja wa Kondele analijua kuliko mimi na wewe. Wanafundishwa kwamba uraibu ni ugonjwa unaobadilisha namna ubongo unavyofanya kazi, ndiyo maana kiapo peke yake huvunjika. Wanafundishwa kuuliza maswali 10 ya Shirika la Afya Duniani, yale yanayoitwa AUDIT, na kutokana na majibu kujua nani anakunywa tu na nani tayari amefika hatarini. Wanafundishwa pia namna ya kuzungumza na mtu ambaye hajataka kuacha. Hii imetokana na kazi ya mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliyeandika kuhusu njia hiyo mwaka 1983: humkaripii, humhubirii, unamuuliza na kumsikiliza mpaka yeye mwenyewe aseme kwa mdomo wake sababu zake za kuacha. Ukweli ni kwamba wengi wetu misikitini hatuiwezi kazi hiyo. Sisi tumezoea kusema.

Utafiti ulionigusa zaidi haukufanywa Ulaya. Ulifanywa Eldoret, matatu ya asubuhi kutoka Kisumu inakufikisha kabla ya adhuhuri. Watafiti waliwachukua watu 614 wanaoishi na virusi vya Ukimwi na ambao walikuwa wakinywa pombe kwa kiwango cha hatari, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lilipata mafunzo ya kawaida ya afya. La pili lilipata tiba ya mazungumzo ya vikundi, vikao sita, ya kubadili fikra na tabia: unajifunza kutambua kinachokusukuma kwenda kwa mama pima, na unafanya mazoezi ya kukataa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Wale wa tiba ya mazungumzo walipunguza siku za kunywa, na hata siku walizokunywa, walikunywa kidogo kuliko wenzao.

Lakini sikia hili. Walioendesha vikao hivyo hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia wenye digrii. Walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa vizuri na kusimamiwa vizuri. Kwa maneno mengine, mtu kama wewe uliyemaliza kidato cha nne, unayekaa Kaloleni ukingoja kibarua, mwalimu wa madrasa wa Manyatta, dada anayeuza samaki Dunga. Ndiyo maana tunasema semina hizi ni zako.

Kuna wanaosema unga ni shida ya Mombasa na Lamu, sisi wa ziwani tatizo letu ni chang'aa na bangi. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa Kisumu, watu 151 wanaojidunga sindano wakahojiwa. Walikuwepo wakati sisi tunasema hawapo. Leo katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee bado wanaiita "Russia" kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, kuna kliniki ya methadoni. Mgonjwa anafika kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anarudi kazini. Methadoni inashika mwili kwa siku nzima, arosto haimpati, kwa hiyo hana haja ya kuiba simu ya mamake ili apate kete. Tanzania walianza huduma hii Muhimbili mwaka 2011, sisi tukafuata. Utasikia mtaani wakisema ati hiyo ni kubadilisha unga kwa unga wa serikali. Si kweli. Anayetumia methadoni kwa kipimo sahihi halewi nayo. Ni dawa, kama vile mgonjwa wa kisukari anavyodungwa insulini.

Hapo ndipo swali letu linapoingia, na ni swali ambalo hakuna mtaalamu atalijibu peke yake. Ramadhani ikifika, kijana wetu aliye kwenye methadoni afanye nini? Kliniki ya mchana inamngoja, na yeye amefunga. Je, dozi yaweza kusogezwa baada ya futari? Nani atafungua kliniki saa mbili usiku? Na ikiwa haiwezekani, hukumu ya mgonjwa katika fiqhi ni ipi, na nani atamweleza bila kumfanya ajione ameasi? Kijana asipopata jibu ataacha dawa ili afunge, na siku ya nne au ya tano atarudia unga. Swali hili linahitaji muuguzi na imamu meza moja. Na imamu hatakaa kwenye meza hiyo kama hakualikwa, au kama alialikwa akaona ni mambo ya kidunia.

Kuna jambo lingine ambalo kila familia inapaswa kulijua hata isipohudhuria semina maishani. Mtu aliyekaa miezi mitatu bila unga, iwe ni rehab, iwe ni jela ya Kodiaga, mwili wake umesahau. Akirudia kipimo kile kile alichokuwa akitumia zamani, kinaweza kumuua. Wengi hufa wakati huo, wiki za mwanzo baada ya kutoka, familia ikiwa bado inasherehekea. Iko dawa inaitwa naloksoni, hurudisha pumzi ya aliyezidisha unga ndani ya dakika chache. Uliza kama kituo cha afya kilicho karibu nawe wanayo. Ukiambiwa hapana, uliza kwa nini, na uulize kwa barua.

Kwa sababu hii ni haki. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na hakijasema "isipokuwa mateja". Kifungu cha 29 kinakataza kumzuia mtu bila sababu ya haki, kumtesa, kumpa adhabu ya kinyama. Kwa hiyo mahali panapojiita kituo cha kurekebisha tabia, halafu vijana wanafungwa minyororo na kuchapwa, ni mahali pa kushtakiwa, hata kama mwenyewe ana ndevu ndefu na jina zuri. Sheria ya NACADA ya 2012 imeweka utaratibu wa kusajili na kusimamia vituo hivi. Kabla hujampeleka ndugu yako popote na kulipa hata shilingi, omba kuona leseni. Mwenye leseni haoni tabu kukuonyesha.

Ukubwa wa shida wenyewe unaujua, ila nambari zisaidie. Utafiti wa NACADA wa 2022 ulipata kwamba katika kila Wakenya sita wenye miaka 15 hadi 65, mmoja anatumia angalau aina moja ya kileo au dawa ya kulevya: watu 4,733,152. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2024 nayo inasema duniani ni mtu mmoja tu kati ya 11 wenye maradhi ya matumizi ya dawa za kulevya anayepata matibabu. Kwa wanawake ni mmoja kati ya 18. Dada zetu wamefichwa zaidi, na tunajua nani anawaficha. Kijana wa kiume akiharibika anatafutiwa rehab, msichana akiharibika anafukuzwa nyumbani au anaozwa haraka haraka.

Tusiwasifu hawa wa semina kupita kiasi pia. Nyingi hufanyika kwa Kiingereza, katika hoteli ambayo mlinzi wake hatakuruhusu kuingia na kanzu iliyochujuka. Sura ni zile zile kila mwaka. Bango, picha ya pamoja, chakula cha mchana, nauli, kwaheri. Mvuvi wa Usenge anayelipwa pesa taslimu alfajiri, na pombe inamngoja hatua ishirini kutoka boti, hajui kama kulikuwa na kikao. Na sisi je? Mhadhara baada ya Ijumaa, machozi, takbir, halafu Jumamosi hakuna aliyemfuata yule kijana aliyekuja kukaa safu ya nyuma akinuka bangi. Alikuja mwenyewe. Tulimtazama viatu.

Mbona Pwani wameweza? Omari Project ilianza Malindi mwaka 1995, wakati wengi walikuwa bado wanaona haya kutaja unga hadharani. MEWA, jumuiya ya Kiislamu ya Mombasa, inaendesha kituo cha waraibu na huduma za mitaani kwa miaka sasa, na haikupoteza dini yake kwa kufanya hivyo. Kisumu tuna Jamia, tuna Wanubi wa Kibos, tuna ndugu zetu wa Kendu Bay na Homa Bay.

Kwa hiyo tunachotaka ni hiki. Kaunti na NACADA walete mafunzo haya ziwani, kwa Kiswahili na Kijaluo, kwenye kumbi za mtaani na ofisi za BMU ufuoni, si hotelini pekee. Kila kamati ya msikiti ichague vijana wawili, wa kiume na wa kike, wenye siri na subira, iwalipie nauli wakajifunze, na wakirudi wapewe chumba na kiti, wasipewe dakika tano baada ya matangazo ya mazishi. Wewe unayesoma, kama uko chuo pale Maseno au unamaliza kidato cha nne mwaka huu, fikiria kusomea unasihi. Tangu 2014 kuna sheria inayotambua washauri nasaha na wanasaikolojia kama taaluma, na Waislamu ndani yake ni wachache mno huku kwetu.

Na kama kaka yako yuko chumbani sasa hivi anatetemeka, funga ukurasa huu, mpeleke hospitali usiku huu huu. Ukitaka kuuliza kwanza, NACADA wana nambari ya bure, 1192, saa 24.