SALIERI YUKO KWENYE KWAYA YETU

Leo sikubembelezi.

Kila inapotoka sinema kuhusu mastaa wanaooneana wivu na kuangushana kwa ajili ya jina, naona watu wa Mungu wakiandika huku mtandaoni: tazameni ulimwengu ulivyooza, tazameni Hollywood! Chini yake Amina mia mbili. Mimi hiyo Amina siitikii. Sisemi Hollywood ni mahali patakatifu. Ila sinema kali kuliko zote nilizoona kuhusu wivu wa wasanii haimhusu mlevi wala mshirikina. Inamhusu mtu wa maombi.

Inaitwa Amadeus. Ilitoka mwaka 1984, mwongozaji wake ni Milos Forman, ilitokana na tamthilia ya Peter Shaffer, na ilichukua tuzo 8 za Oscar. Usingoje ngumi na mateke, hii si ya kutafsiriwa na DJ Afro. Watu wanavaa nywele za bandia na wanazungumza sana. Lakini vumilia.

Mvulana mmoja wa Italia, Antonio Salieri, anapiga magoti kanisani na kumwomba Mungu amfanye mtunzi mkuu wa muziki ili amtukuze Yeye. Naye anaweka ahadi zake mezani: usafi wa mwili, bidii, unyenyekevu, siku zote za maisha yake. Baba yake hataki kusikia habari za muziki. Siku moja chakula kinamkwama baba kooni, anaanguka, anakufa. Mtoto anahesabu kwamba ni jibu la maombi. Umeisikia hiyo? Ushuhuda umetoka kwenye jeneza la baba, na hakuna mtu mzima wa kumwambia mtoto kwamba Mungu hafanyi biashara ya namna hiyo.

Anakua, anafika Vienna, anakuwa mtunzi katika ikulu ya Kaisari Joseph wa Pili. Ahadi zake amezishika. Ndipo anaingia Mozart, kijana mwenye mdomo mchafu na kicheko cha mtoto mtukutu, anayefukuzana na msichana hadi sakafuni. Na muziki ule, aliokuwa akiuomba Salieri usiku na mchana, uko mikononi mwa huyo. Mke wa Mozart analeta karatasi za mumewe apate kusaidiwa kutafuta kazi. Salieri anazifungua na kukuta ni nakala za kwanza, na hazina mahali palipofutwa. Karatasi zinamponyoka, zinatawanyika sakafuni. Baadaye anautoa msalaba ukutani na kuutia motoni.

Mpendwa, rudi hapo. Huyu hakumwacha Mungu kwa sababu ya wanawake, wala pombe, wala mkopo. Alimwacha kwa sababu Mungu alimpa mtu mwingine kitu ambacho yeye aliamini amekwisha kukilipia.

Sasa nawageukia wachungaji wenzangu, na mnisamehe kwa kusema hadharani, kwa maana mnahubiri hadharani. Ni nani anayewafundisha vijana wetu kulipia? Panda mbegu, Mungu akuinue jukwaani. Funga siku 21, jina lako litajulikana kaunti zote. Tumikia bila kulalamika, na mwaka huu ni zamu yako. Kijana anaamini. Anapiga ngoma miaka sita, anabeba spika, anafagia kanisa, nauli anajitolea mwenyewe. Kisha anaingia mwingine kutoka kanisa jingine, anachelewa mazoezi, hajui hata kufunga mlo mmoja, na siku ya kwanza anapofungua kinywa kina mama wanalia. Yule wa kwanza tumemwachia nini mkononi? Risiti. Tumemwachia risiti, na duka halipo.

Halafu tukimwona amekunja uso tunasema ana roho ya wivu, aje tumwombee. Hiyo roho imepata wapi mlango? Katika Mathayo 20 Bwana alisimulia habari za vibarua walionung'unika saa ya malipo. Hawakupunjwa hata senti. Kilichowauma ni ukarimu wa mwenye shamba kwa mtu mwingine. Ni lini umesikia sura hiyo ikihubiriwa kwenye kongamano la waimbaji? Mimi sijasikia.

Turudi kwa Salieri, maana kuna jambo la kutisha zaidi. Katika mji mzima wa Vienna, yeye ndiye mtu anayemsikia Mozart vizuri kuliko wote. Kaisari anapiga miayo, wakubwa wanalalamika, lakini sikio la Salieri linajua. Opera ya Don Giovanni inapotoka anatumia cheo chake kuhakikisha inachezwa mara 5 tu. Naye kwa siri anahudhuria zote 5. Anaizuia kwa mkono mmoja na kuiabudu kwa mwingine. Ndiyo maana sikubali wivu uitwe chuki ya kawaida. Mwenye wivu ni msikilizaji wako namba moja. Anajua wimbo wako mstari kwa mstari, na anajua idadi ya waliotazama video yako kabla wewe hujaifungua simu.

Sauli naye alihesabu. Soma 1 Samweli 18. Wanawake waliimba, naye badala ya kusikia ushindi alisikia hesabu, ya kwake ndogo na ya Daudi kubwa. Na angalia mkuki ulirushwa lini. Haukurushwa vitani. Daudi alikuwa ameshika kinubi, yuko kazini, anampigia Sauli muziki wa kumtuliza! Mwanamuziki alirushiwa mkuki katikati ya huduma.

Siku hizi hatuna mikuki. Tuna fundi wa mitambo anayeambiwa ashushe maiki ya dada fulani. Tuna mazoezi yanayohamishwa kutoka saa nane hadi saa sita na mmoja hapewi habari. Na tuna ule mkuki mkali kupita yote, unaorushwa macho yakiwa yamefumbwa: "Wapendwa, tumkumbuke ndugu yetu katika maombi, nasikia anayumba." Nimeona kwaya imevunjika vipande viwili kwa sentensi kama hiyo, na kila kipande kikaenda kurekodi albamu yake kuhusu upendo.

Nanyi vijana msipige makofi sana. Kuna sinema nyingine ya zamani, All About Eve, ya mwaka 1950. Eve anamwendea mwigizaji mkubwa wa jukwaani, Margo, kwa machozi na unyenyekevu. Anabeba nguo zake, anajibu barua zake, anapanga siku yake. Kwa lugha yetu huyo ni mbeba silaha. Kumbe jicho lake liko kwenye kiti. Anapata kiti, anapata na tuzo. Akirudi chumbani anakuta msichana amejileta kumtumikia, na mwisho tunamwona msichana huyo ameishika tuzo ya Eve mbele ya kioo, akijiinamia kama anayeshangiliwa. Waigizaji wawili waliocheza Margo na Eve, Bette Davis na Anne Baxter, walishindania tuzo moja ya Oscar mwaka ule, na wote wawili wakaikosa.

Mtu ataniuliza, Mchungaji, unatutuma tukatazame sinema? Zina mambo ya kuwaondoa watoto sebuleni, ndiyo. Lakini kama unaogopa kuiona dhambi yako kwenye skrini, angalau ione kwenye Samweli.

Nina ugomvi mmoja na Amadeus. Ilimwonea marehemu. Salieri wa kweli aliishi na akafa Vienna mwaka 1825, na hakuna ushahidi kwamba alimuua mtu. Mozart alifariki kwa ugonjwa Desemba 1791, akiwa na miaka 35. Uvumi wa sumu ukamwandama Salieri hadi uzeeni, na mwaka 1830 Pushkin wa Urusi akautungia tamthilia. Watu wa midomo, mnaona? Neno moja la pembeni, na hadi leo dunia inamjua mtu kwa jambo ambalo hakulifanya.

Na alifanya nini huyo wa kweli? Alifundisha. Beethoven alipita kwake, Schubert alipita kwake, Liszt akiwa mtoto alipita kwake. Na mtoto wa mwisho wa Mozart, Franz Xaver, aliyezaliwa miezi michache tu kabla ya baba yake kufa, naye alifundishwa muziki na Salieri. Shika hilo. Mtu anayesemwa kumuua baba ndiye aliyekaa na mtoto akimwonyesha sauti inapandaje na inashukaje. Huyo Salieri hakutengenezewa sinema ya Oscar 8. Ndiye ninayemtaka kwenye kwaya yetu.

Yonathani alifanya hivyo mapema zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa mrithi wa kiti, naye akavua joho lake, akampa Daudi pamoja na upanga na upinde. Ni sura ileile ya 18, mistari michache tu kabla ya baba yake kuanza kuhesabu.

Jumamosi mazoezi ni saa nane, na saa haibadiliki. Wewe kiongozi wa sifa, unamjua yule unayemnyima wimbo. Mpe ule unaoupenda kuliko zote, ule ambao watu wamezoea kuusikia kwako. Umfundishe mwenyewe, hadi mahali pale pa juu panapomshinda. Jumapili fundi asiguse maiki yake. Wewe keti safu ya mbele, umsikilize hadi mwisho.