Nzi mwenye matege ya Charlie Chaplin

Wapenzi wasomaji, wiki hii naomba tuwaache wasanii na ndoa zao wapumzike kidogo. Nina habari za bwana mmoja wa Hawaii. Mfupi, mwembamba, miguu ya matege, na kwa sababu ya matege hayo akapewa jina la staa wa sinema. Bahati mbaya umaarufu wenyewe ulimkuta akiwa tayari ni maiti. Bwana huyo ni nzi.

Msikunje pua jamani! Huyu si yule wa buchani wala wa jalalani. Anatoka katika ukoo ambao wataalamu wanauita Dolichopodidae, jina lililotokana na Kigiriki, maana yake mwenye miguu mirefu. Ni ukoo wa watu wengi, spishi zaidi ya 7,000 zimekwisha kuandikwa duniani na kila mwaka nyingine zinaongezwa. Hata hapa kwetu wapo. Asubuhi, kabla jua halijawa kali, nenda kwenye migomba au kwenye ua wenye kivuli, kisha angalia juu ya jani. Utaona mdudu mdogo kuliko punje ya mchele, amesimama amenyanyuka kama dada aliyevaa viatu vya mchuchumio, mwili unang'aa kijani na dhahabu. Ukimsogezea kidole anaruka na kutua jani la pili, kama vile anakuringia. Ndiye huyo. Hana habari na choo chako wala sahani yako, na haumi mtu. Chakula chake ni wadudu laini kama vidukari, yaani wale wale wanaokuharibia mboga. Ungetakiwa umlipe mshahara.

Sasa huyu wa Hawaii anaitwa Campsicnemus charliechaplini. Aliandikwa mwaka 1996 na Neal Evenhuis, mtaalamu wa nzi katika Makumbusho ya Bishop, mjini Honolulu. Kilatini kinataka jina la mwanamume liishie na "i", basi Chaplin akawa Chaplini, utafikiri mtu wa Tandale! Na sababu ya jina Evenhuis hakuificha. Nzi huyu ana tabia ya ajabu kwamba akifa, miguu yake ya kati inabaki imetanuka kwa matege, vile vile alivyokuwa akitembea Charlie kwenye filamu zake na kile kifimbo. Kwa wapenda bahati nasibu, Charlie alizaliwa London mwaka 1889, na makumbusho hayo yalianzishwa mwaka huo huo.

Nilipowasimulia wenzangu kijiweni, kinyozi wetu aliweka kikombe cha kahawa chini.

"Kaka, unataka kuniambia kuna mtu mzima anakwenda kazini kutazama miguu ya nzi aliyekufa?"

Nikamwambia ndiyo, na anahesabu mpaka nywele za miguuni.

"Basi kuna watu wana nafasi dunia hii!"

Mzee muuza kahawa akamtazama. "Kwani wewe kazi yako si nywele?"

Lakini swali la kinyozi si la kupuuza. Hivi kweli kuna haja gani? Tuseme wewe umemkamata nzi ambaye hayumo kwenye kitabu chochote. Utamwelezaje ili mtu aliye Urusi au Brazili asome na kusema, naam, huyu ndiye na si mwingine? Ukiandika "nzi mdogo mwenye miguu mirefu" umeeleza wote 7,000. Ndiyo maana kuna utaratibu, na utaratibu unaanzia kichwani, kama upekuzi wa polisi.

Kichwa chenyewe karibu chote ni macho. Mdomo ni mfupi na wa nyama. Haukutengenezwa kwa kuchoma, unamkumbatia mdudu laini, unamminya na kumfyonza. Mbele ya uso kuna vipapasio viwili, kila kimoja kina pingili tatu na unywele mrefu mmoja uliochomoza. Hapo mtaalamu ataandika umbo la ile pingili ya tatu, la duara au la pembetatu, na unywele umeota juu yake au ncha yake. Kwenye kifua kuna nywele ngumu zilizopangwa kwa mistari, zinahesabiwa moja moja kama vifungo vya koti la bwana harusi. Mabawa ni mawili tu. Nzi wote duniani ni mawili, mengine mawili yaligeuka kuwa virungu vidogo vya kumsaidia asiyumbe angani. Mishipa ya bawa inachorwa kama ramani ya mji, na mshipa mmoja ukipinda mahali ambapo wengine wamenyooka, hiyo ni habari.

Kisha miguu. Wapenzi, hapa ndipo penyewe.

Nzi ana miguu sita, jozi ya mbele, ya kati na ya nyuma. Kila mguu una nyonga, paja, muundi na wayo wenye pingili tano, mwishoni kucha. Kila kipande kinapimwa, maana wakati mwingine tofauti ya spishi mbili ni kwamba pingili ya kwanza ya wayo ni ndefu kuliko ya pili kwa huyu, na kwa yule zinalingana. Kila mwiba unaandikwa umeota upande gani na umbali gani kutoka gotini. Na jina Campsicnemus lenyewe ni Kigiriki tena, maana yake muundi uliopinda. Madume wengi wa jamii hii muundi wao wa kati si wa kawaida. Kuna aliyepindwa kama upinde, kuna aliyevimba, kuna aliyepangiwa miiba kama kitana. Majike wao miguu yao ni ya kawaida kabisa, ukimweka jike wa spishi hii na wa jirani yake unaweza kukesha usijue nani ni nani. Kwa hiyo mara nyingi dume ndiye anayeubeba ukoo.

Mnajua kwa nini dume anajipamba hivyo? Mapenzi! Katika ukoo huu wanaume hawaendi mikono mitupu. Huko Ulaya yuko mmoja, Dolichopus plumipes, ambaye wayo wake wa kati una manyoya pembeni kama unyoya wa ndege. Yuko mwingine, Poecilobothrus nobilitatus, ncha za mabawa yake ni nyeupe. Wakati wa joto utamkuta pembeni mwa dimbwi la maji anampungia jike, kama kijana anayepunga leso ukumbini. Jike anatazama, akiridhika sawa, asiporidhika anaondoka zake, na dume anabaki na leso yake. Kwa hiyo ule mguu uliopinda wa nzi wa Hawaii tusiuite kilema. Ni suti ya harusi.

Baada ya miguu kuna sehemu ya mwisho, na hapo naomba wenye watoto karibu wasome kimya kimya. Dume wa ukoo huu viungo vyake vya uzazi viko ncha ya tumbo, lakini vimekunjwa kurudi mbele chini ya tumbo, kama kisu cha kukunja. Mtaalamu anavikata, anavitia kwenye dawa kali inayoyeyusha nyama na kubakiza gamba, kisha anavichora kwa darubini. Nyie cheka, lakini kesi nyingi huishia hapo. Nzi wawili wanaweza kufanana macho, mabawa na hata matege, halafu hapo chini mmoja akawa na funguo tofauti kabisa na ya mwenzake.

Yakishaandikwa yote hayo, anachaguliwa nzi mmoja awe kielelezo cha jina. Anawekewa karatasi ndogo yenye mahali alipokamatwa, tarehe na jina la aliyemkamata, kisha anahifadhiwa makumbusho. Kuanzia siku hiyo jina limefungwa kwa maiti ile. Hata baada ya miaka mia, ukitokea ubishi, watu watarudi kwake yeye, wahesabu nywele upya.

Mtasema mbona anachukua ukurasa mzima wa umbea. Subirini, kuna msiba humu ndani.

Visiwa vya Hawaii vina spishi zaidi ya 150 za hawa Campsicnemus, na hazipatikani mahali pengine popote. Hao ni ndugu wa Charlie. Kati yao alikuwapo mmoja aliyekwenda mbali kuliko wote, akaacha kuruka. Mabawa yake yalisinyaa yakawa vijiti vyembamba visivyo na kazi angani. Akawa nzi wa kutembea kwa miguu! Percy Grimshaw alimwandika mwaka 1902, kutokana na nzi waliokusanywa mlima Tantalus, juu ya Honolulu, na akamwita mirabilis, yaani wa ajabu. Kwa sababu ya mabawa yale alimtengea hata jamii yake ya pekee, Emperoptera. Ilikuja kuonekana baadaye kwa vipimo vya vinasaba kwamba hawa wasioruka ni damu moja na Campsicnemus. Lakini wakati huo mwenyewe alikuwa haonekani tena. Umoja wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, umemweka kwenye orodha ya waliotoweka.

Mtuhumiwa mkubwa ni sisimizi. Kwa taarifa yenu, Hawaii haikuwa na sisimizi wa asili hata mmoja. Wadudu wa kule waliishi vizazi na vizazi bila kumjua adui huyo, na ndiyo maana nzi aliweza kuvua mabawa akatembea chini bila wasiwasi. Karne ya 19 meli zikawaleta wageni, mmoja wao akiwa sisimizi mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala. Mtu aliyezunguka misitu ile akikusanya wadudu, R. C. L. Perkins, aliona kwamba mahali sisimizi huyo alipoingia, wadudu wenyeji walikuwa wamekwisha. Sasa nzi asiyeruka angekimbilia wapi?

Na huyo sisimizi asili yake inaaminika ni pande hizi zetu za Afrika. Kwa Wazanzibari si mgeni. Miaka ya 1950 mtaalamu Mwingereza, M. J. Way, alichunguza minazi kule Unguja na kuona vita vyake na majimoto, wale wekundu wanaoshona majani juu ya miti. Majimoto wakiutawala mnazi, wanamfukuza kunguni wa minazi anayefyonza vidaka. Mwenye kichwa kikubwa akiwafukuza majimoto, kunguni anabaki huru, vidaka vinadondoka kabla havijawa hata dafu. Kunguni mwenyewe alipopewa jina la kisayansi aliitwa Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya huyo bwana Way. Mnaona tena ile "i" ya mwisho.

Kwa hiyo mirabilis ninayewaeleza hapa mimi nimempata kwa maandishi tu. Mabawa yake, miguu yake, kila kitu, ni kwa sababu kuna mtu mwaka 1902 aliketi akampima, na watu kama kinyozi wetu pengine walimcheka. Angengoja miaka michache tusingekuwa hata na jina la kumlilia.

Kwetu je? Nzi wa miguu mirefu wa Afrika, wakiwemo wa Tanzania, wameandikwa sana na Mrusi mmoja, Igor Grichanov wa St. Petersburg, ambaye ameipa sayansi spishi nyingi mpya za bara hili. Wengi hakuwakimbiza kwa wavu milimani. Aliwakuta kwenye masanduku ya makumbusho ya Ulaya, ambako walikuwa wamelala miaka mingi tangu wasafiri wa zamani walipowakusanya, kila mmoja na kikaratasi chake cha mahali na tarehe, wanangoja mtu mwenye darubini na subira awahesabu nywele za miguu.