Vitabu Vimerudi; Msomaji Atalipwa na Nani?

Yako maneno yanayosemwa sana hapa Kisenge na kule Kolwezi, na wanaoyasema si wajinga. Wasema: "Kijana akisoma, asome madini, asome dawa, asome umeme. Kigiriki kitatupa nini? Ni anasa ya Wazungu." Sisi twayapinga maneno hayo, tena waziwazi, maana twaogopa kwamba tukinyamaza hatabaki mtu kati yetu awezaye kuifungua Injili katika lugha ile iliyoandikiwa.

Kwanza tulieleze jambo lenyewe. Mtu akipata udaktari wa chuo kikuu (wa elimu, si wa kutibu), bado hajawa mtaalamu kamili. Ni kama padre aliyepewa daraja jana: anaweza kusoma Misa, lakini parokia hajaiongoza. Kwa hiyo nchi zenye mali zimeweka bursi za pekee kwa madaktari wachanga. Kwa muda wa mwaka, au miwili, au mitatu, hawasumbuliwi na madarasa mengi wala na chakula cha kesho. Wanakaa katika maktaba nzuri mpaka tasnifu yao igeuke kitabu. Kwa masomo ya Kigiriki mambo hayo ni ya zamani. Wafaransa wana shule yao Athens tangu 1846, Waamerika tangu 1881. Chuo Kikuu cha Harvard kina nyumba yake ya kazi hiyo mjini Washington tangu mwanzo wa miaka ya 1960. Princeton nayo ilipokea zawadi ya Stanley J. Seeger mwaka 1979, ikaanza kuwaita watafiti kwa fedha hiyo. Hatuwalaumu. Wamefanya vema, na heri wangekuwapo matajiri wa namna hiyo kwetu.

Lakini tazameni jinsi mlango ulivyo. Bursi nyingi za namna hii huhesabu miaka tangu siku ya kupata udaktari. Ikipita michache, basi. Katika Ulaya hesabu hiyo ni ya haki. Kwetu, siku ile ile mtu anapopewa udaktari ndipo anapotwishwa madarasa yaliyojaa kupita kiasi, na mshahara unaochelewa, na ndugu wa ukoo wanaongojea ada za watoto wao. Kitabu anachokihitaji hakipo. Viza yamtaka asafiri mpaka Kinshasa, na Kinshasa si karibu. Akija kupumua kidogo na kusema, "Sasa niandike," miaka yake ya kuomba imekwisha. Tena watu watasema Waafrika hawaombi!

Wengine hucheka: Mkatanga na Kigiriki, wapi na wapi? Hao wamemsahau Valentin-Yves Mudimbe. Alizaliwa Likasi mwaka 1941, mji ulipokuwa ukiitwa Jadotville. Alikaa kwa Wabenediktini wa Gihindamuyaga huko Rwanda, akaacha utawa, akasoma Lovanium, na mwaka 1970 akapata udaktari Louvain. Akarudi, akafundisha Lubumbashi. Mwaka 1980 akaikimbia nchi ya Mobutu, akafundisha Marekani mpaka uzeeni. Katika kitabu chake The Idea of Africa, kilichotoka 1994, aliwashika Herodotus na wenzake, akaonyesha jinsi Wagiriki wa kale walivyowachora watu wa Afrika, na jinsi picha hiyo ilivyorithiwa na waliokuja baadaye kututawala. Hiyo si kazi ya mtu asiyejua Kigiriki. Alifariki Marekani mwezi wa Aprili 2025. Vitabu vyake alikuwa amekwisha kuvitoa kwa Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Basi, vitabu vimerudi Katanga. Nani amewekewa mshahara wa kuvisoma?

Watuuliza tena: daktari huyo mchanga angefanya kazi gani yenye faida? Tutaje chache tu. Kiko kitabu kidogo cha Kigiriki cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, kilichoandikwa na mfanyabiashara aliyetoka Misri. Ndani yake ameieleza pwani ya Afrika ya Mashariki, pembe za ndovu na magamba ya kasa, na soko la mwisho liitwalo Rhapta. Jina hilo, asema, limetokana na vyombo vya kushonwa, maana kwa Kigiriki rhaptos ni kitu kilichoshonwa. Wataalamu wangali wakibishana Rhapta ilikuwa wapi. Lakini Mswahili yeyote wa Lamu aliyesikia habari za mtepe, jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba, anaelewa mara moja mfanyabiashara yule aliona nini. Je, si haki kwamba kitabu kinachotaja pwani yetu kisomwe na mtu anayejua Kigiriki na Kiswahili pamoja?

Au tuje kwa mambo ya katekisimu. Mwanafunzi wa ubatizo hutuuliza: mkate tunaouomba katika Baba Yetu ni wa "leo" au ni wa "kila siku"? Swali hilo si la kitoto. Neno la Kigiriki lililo mahali hapo ni epiousios, na Origenes wa Aleksandria, Mwafrika kwa kuzaliwa, aliandika zamani kwamba hakulikuta kwa wenye elimu wala kwa watu wa kawaida, akadhani wainjili wenyewe walilitunga. Mtakatifu Yeronimo alilitafsiri kwa namna moja katika Mathayo na kwa namna nyingine katika Luka. Sisi makatekista twajibu kadiri tulivyofundishwa, lakini yafaa awepo kati yetu mtu wa kwenda kwenye chemchemi yenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitaka hivyo mwaka 1965: Biblia itafsiriwe hasa kutoka katika lugha zake za asili, na waseminari watiwe moyo kujifunza lugha hizo. Miaka imepita sitini. Katika hili sisi Wakatoliki tusiwasingizie wengine.

Kisha kuna Padre Alexis Kagame wa Rwanda. Katika tasnifu yake iliyochapishwa mwaka 1956 aliyaweka makundi ya Aristotle karibu na ngeli za Kinyarwanda: muntu, kintu, hantu, kuntu. Wengi wamempinga. Twauliza tu, nani atahukumu kama alikosea? Atakayehukumu lazima amsome Aristotle kwa macho yake mwenyewe, na awe amelelewa katika lugha yenye ngeli.

Kuhusu neno lile la "anasa ya Wazungu," historia yalikanusha. Agano la Kale la Kigiriki lilitafsiriwa Misri kabla ya Kristo. Mtakatifu Atanasi aliandika Kigiriki katika Afrika. Mfalme Ezana wa Aksum, katika karne ya nne, aliyachonga matendo yake katika jiwe kwa Kige'ez na kwa Kigiriki. Wakristo wa Nubia waliandika lugha yao kwa herufi zilizotokana na za Kigiriki, wakasali Kigiriki karne nyingi, wakati ambapo Ubelgiji haukuwapo. (Na wanaoimba Kyrie eleison kila Dominika, wadhani wanaimba lugha gani?)

Inabaki fedha. Watu wa Kisenge tunajua fedha za mawe ni nini. Manganizi yetu ilikwenda Lobito kwa gari la moshi mpaka vita vya Angola vilipoikata reli mwaka 1975, marundo yakabaki. Hatusemi chuo kiibe fedha za kisima au za zahanati. Lakini sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inalipa jimbo robo nzima ya ile redevansi, na Lualaba ni jimbo la shaba na kobalti. Posho ya daktari mmoja katika robo hiyo haionekani hata kwa miwani. Anayesema fedha hazipo, atuonyeshe kwanza zilizokuja zilikwenda wapi.

Basi twaomba hivi. Serikali ya jimbo na maaskofu wetu wakubaliane na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kuweka nafasi moja, ya miaka miwili, kwa daktari kijana wa Kigiriki, padre au mlei, mwanamume au mwanamke, na masista wasisahauliwe. Miaka tangu udaktari isihesabiwe. Afundishe saa chache tu. Afungue vitabu vya Mudimbe, na kila mwaka atoe maandiko mamoja kwa Kiswahili, yaliyotafsiriwa kutoka Kigiriki chenyewe, yachapwe kwa bei ambayo mwalimu wa Dilolo aweza kulipa. Nao mabwana wa Washington, Princeton na Athens, kama kweli wanatafuta watafiti wa Afrika, waruhusu bursi moja yao itumiwe Lubumbashi, na badala ya tiketi ya ndege walete kamusi.