Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Meli ya starehe inapotia nanga mbele ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, huonekana kama mtaa mzima wa maghorofa uliokuja kusimama baharini usiku wa manane. Baada ya kifungua kinywa abiria huanza kuteremka, kundi moja baada ya jingine, kila kundi likimfuata kiongozi aliyeshika kibao chenye namba. Wako wanaopanda mashua kwenda Changuu kuwatazama kobe wakubwa. Wako wanaopelekwa mashambani kunusa karafuu, mdalasini na iliki. Wengine huenda katika msitu wa Jozani kuwaona kima punju, na wengine huingia katika vichochoro vya mji, wakipapasa milango ya nakshi na kupiga picha. Alasiri ikifika wote huwa njiani kurudi gatini. Mara nyingi meli hung'oa nanga jua likizama, saa ile ile ambayo wauzaji wa Forodhani huwasha taa, wakachochea makaa na kupanga mishikaki, pweza na mikate ya kumimina. Mgeni huondoka wakati mwenyeji ndiyo kwanza anatandika mkeka.

Ni vema ieleweke tangu mwanzo kwamba kustarehe si kosa. Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la mwaka 1948, katika kifungu chake cha 24, linamtambulia kila mtu haki ya kupumzika na kupata likizo yenye malipo. Safari ya meli ina utamu wake wa pekee. Msafiri hufungua sanduku lake mara moja tu, kisha kila asubuhi hufungua dirisha na kukiona kisiwa kingine. Mzee ambaye miguu yake haistahimili tena mashaka ya barabara na viwanja vya ndege huweza kuiona nusu ya dunia akiwa katika kitanda kimoja. Mtu aliyefanya kazi miaka arobaini kiwandani au hospitalini, akaweka akiba ili aione Bahari ya Hindi, hastahili kubezwa. Anastahili kukaribishwa.

Lakini wahenga waliponena "mgeni njoo, mwenyeji apone", hawakusema mgeni njoo, mwenyeji atazame. Hapo ndipo penye jambo la kupimwa kwa makini. Je, meli hizi zinapokuja na kuondoka, mwenyeji hupona kwa kiasi gani?

Pwani ya Afrika Mashariki ilijua kupokea wageni wa baharini karne nyingi kabla ya meli hizi kuundwa. Majahazi ya Arabuni, Uajemi na Bara Hindi yalishuka na upepo wa kaskazi, na hayakuweza kurudi mpaka upepo wa kusi uanze kuvuma. Basi nahodha na mabaharia wake walilazimika kukaa pwani kwa miezi. Walipanga nyumba, walinunua chakula sokoni, walitengeneza matanga kwa mafundi wa mjini, waliswali pamoja na wenyeji, na wengi wao walioa. Katika kukaa huko biashara iligusa mikono mingi, na lugha ya Kiswahili yenyewe ikatajirika kwa maneno. Si kwamba mambo yote ya zama hizo yalikuwa mema. Soko la watumwa la Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, ni ushahidi wa uovu uliopitia katika bandari ile ile. Hata hivyo, upepo uliweka kanuni moja isiyoepukika: aliyekuja kwa bahari ilimpasa aishi na watu wa nchi kavu.

Meli ya starehe imeiondoa kanuni hiyo. Huja na kitanda chake, jiko lake, baa yake, maduka yake, ukumbi wake wa ngoma na hata bwawa lake la kuogelea. Abiria huwa amekwisha lipia chakula chake kabla hajatoka kwao, kwa hiyo haoni sababu ya kulipa tena mjini. Hata matembezi ya nchi kavu kwa kawaida huuzwa ndani ya meli. Kampuni hupanga bei, hupokea fedha, hubakiza fungu lake, kisha humlipa wakala wa nchi kavu kiasi kinachosalia. Wakala naye hukata fungu lake. Dereva, mwenye mashua na mtembeza wageni hupata kilichovuka vichujio vyote hivyo. Mgeni aliyelipa fedha nyingi kwa matembezi ya saa nne hudhani kwamba amekineemesha kisiwa. Mwenyeji aliyepata makombo hudhani kwamba mgeni ni bahili. Wote wawili hawana kosa, bali hawaoni kilichotendeka baina yao.

Mwenye kutaka kujua mkondo huu unaelekea wapi na atazame bahari ya Karibi, ambako biashara hii imekomaa. Huko zinapita meli kubwa kuliko zote duniani. Moja yao, Icon of the Seas, iliyoanza safari za abiria mwezi Januari 2024, ina nafasi ya abiria 7,600 na wafanyakazi 2,350. Huo ni mji, si chombo. Na kampuni za huko hazikutosheka na kukifanya chombo kuwa mji. Zimetafuta pia visiwa vya kuwa mali yao. Mwaka 1977 kampuni ya Norwegian ilinunua Great Stirrup Cay katika visiwa vya Bahama, miaka minne tu baada ya nchi hiyo kupata uhuru wake. Mwaka 1996 kampuni ya Holland America ilinunua Little San Salvador katika visiwa hivyo hivyo, ikakibandika jina jipya la Half Moon Cay. Huko mgeni hushuka kwenye mchanga wa kampuni, hula chakula kilichoshushwa kutoka melini, na hurudi melini bila kukutana na mji wala soko.

Mfano wa Haiti unasikitisha zaidi. Tangu mwaka 1986 kampuni ya Royal Caribbean ilianza kuzipeleka meli zake Labadee, rasi iliyoikodi kaskazini mwa nchi hiyo, ambayo imetengwa na vijiji jirani kwa uzio na walinzi. Mwezi Januari 2010 tetemeko la ardhi liliuangamiza mji mkuu wa Port-au-Prince na kuua watu wengi mno. Siku chache baadaye meli ya watalii ilitia nanga Labadee, na abiria wakaogelea kama kawaida. Kampuni ilijitetea kwamba meli zake zilileta pia shehena ya msaada, na kwamba ajira za pale zilihitajika kuliko wakati mwingine wowote. Utetezi huo ulikuwa na ukweli ndani yake. Lakini uzio ulibaki palepale, na uzio ndio uliowezesha starehe na msiba kukaa katika nchi moja bila kuonana.

Tanzania si ngeni katika mjadala wa namna hii. Mwaka 1970 vijana wa TANU wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizusha hoja nzito katika gazeti la The Standard juu ya utalii na ujenzi wa ujamaa, na mabishano hayo yakakusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1973. Upande mmoja ulisema kwamba taifa linahitaji fedha za kigeni. Upande wa pili uliuliza ni fedha kiasi gani zinazobaki, na ni mwananchi wa namna gani anayelelewa kwa kazi ya kuinama mbele ya mwenye fedha. Zaidi ya nusu karne imepita, na utalii umekuwa nguzo mojawapo kubwa ya uchumi. Hakuna mwenye busara atakayesema leo kwamba milango ifungwe. Lakini swali la pili la vijana wale halijazeeka.

Yapo maneno yanayosemwa mara kwa mara kuwatisha wenyeji: wakidai zaidi, meli itakwenda kwingine. Tishio hilo linapaswa kupimwa kwa mizani ya haki. Mchanga mweupe na minazi hupatikana katika visiwa vingi, na kampuni inaweza kweli kuhama kutoka ufukwe mmoja hadi mwingine. Lakini Mji Mkongwe, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, hauhamishiki. Jengo la Changuu lililojengwa mwaka 1893 liwe gereza, kisha likatumiwa kuwatenga wasafiri walioshukiwa kuwa na maradhi, halina mfano wake katika Karibi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyotiwa katika orodha hiyo mwaka 1981, hayawezi kujengwa upya na kampuni yoyote kwa fedha yoyote. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji huo kwa uzuri wake. Mgeni wa leo anayevuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi chini ya Husuni Kubwa anavuka maji yale yale. Mwenye mali isiyo na mfano hana sababu ya kuiuza kwa bei ya mchanga.

Basi, ni jambo gani linalopasa kutendwa? Kwanza, saa za nchi kavu zitambuliwe kuwa ni mali ya wenyeji. Watembeza wageni, wenye mashua, wapishi na mafundi wajiunge katika vyama vyao vya ushirika vyenye leseni, bei zinazojulikana na hesabu zinazokaguliwa, ili waweze kuzungumza na kampuni wakiwa chombo kimoja. Papasi mmoja mmoja anayemkimbilia mgeni gatini ni mnyonge. Ataikubali bei yoyote kwa kuwa mwenzake yuko nyuma yake. Ushirika uliopangika hauna haja ya kukimbia.

Pili, meli zishawishiwe kulala bandarini. Usiku mmoja wa Forodhani, mgeni akala kwa fedha yake, akasikiliza taarabu na kutembea barazani, unaweza kugawa fedha katika mikono mingi zaidi kuliko mchana mzima wa kupanda na kushuka mabasi. Vilevile majiko ya meli yana njaa isiyokwisha ya samaki, matunda, mboga na viungo. Mkulima wa Unguja na Pemba na mvuvi wa Kilwa wakiandaliwa kutimiza ubora na wakati unaotakiwa, meli itakuwa soko lao badala ya kuwa mandhari ya kutazama.

Tatu, idadi iwe na mpaka. Vichochoro vilivyojengwa kwa ajili ya watu na punda havikukusudiwa kupokea maelfu kwa saa moja. Venice ilizizuia meli kubwa kupita mbele ya uwanja wa Mtakatifu Marko mwaka 2021. Ugiriki imeweka ada kwa abiria wa meli za starehe tangu mwaka 2025, na katika visiwa vya Santorini na Mykonos ada hiyo hufikia yuro 20 kwa kila abiria wakati wa msimu mkuu. Hayo ni mataifa yanayoutegemea sana utalii, na hayakuona kwamba kuweka masharti ni kumfukuza mgeni. Kwa mji mdogo kama Kilwa, meli ndogo chache zinazokuja kwa utaratibu zina heri kuliko meli moja kubwa inayokuja kama gharika.

Nne, majirani washikamane. Katika miaka ya 1990 nchi za Karibi zilijaribu kukubaliana juu ya ada moja ya chini kwa kila abiria wa meli. Kampuni zilipinga, baadhi ya visiwa vikaogopa kukimbiwa, na umoja ukalegea. Funzo lake li wazi. Meli inayofika Zanzibar mara nyingi imetoka au inakwenda Mombasa, Shelisheli, Komoro au Nosy Be. Bandari hizo zikishindana kwa kushusha ada, mshindi pekee atakuwa mwenye meli. Zikipatana, mwenye meli atakaa mezani na kuzungumza.

Mwisho, na hili lisichukuliwe kuwa dogo, mwananchi mwenyewe asisahauliwe katika starehe ya bahari yake. Wako watoto wengi waliozaliwa Dar es Salaam na kukulia huko bila kukanyaga Changuu, na wako walimu wanaofundisha historia ya Kilwa kila mwaka bila kuyaona magofu ya Songo Mnara. Vyama vya wafanyakazi, shule na jumuiya za vijana zina uwezo wa kupanga safari za likizo, kwa feri na kwa mashua, kwa gharama inayostahimilika. Mwenyeji anayekijua kisiwa chake na kukipenda hawezi kukiuza kwa makombo. Na mgeni anayemkuta mwenyeji akistarehe katika ufukwe huo huo atajua kwamba amefika katika nchi ya watu, si katika bustani iliyotandazwa kwa ajili yake.

Meli na zije, zipigiwe honi na kukaribishwa kwa ukarimu ambao pwani hii imesifika nao tangu zama za majahazi. Abiria wapande vilima, wale embe, wacheke na kuogelea. Lakini jua likizama na nanga ikipanda, hesabu ya siku isikae melini peke yake. Ibaki sehemu yake katika pochi la mwenye mashua, katika kapu la mama muuza ndizi, katika mfuko wa shule na zahanati ya kijiji. Hapo ndipo methali itakapokuwa imetimia: mgeni amekuja, na mwenyeji amepona.